Nilichojifunza kwa Kwenda Triathloni na Mama, Mume na Watoto

Ukimaliza mashindano marefu, watu hukuuliza habari za miguu yako. Maji yalikuwa baridi? Milima je? Magoti yanauma? Tangu turudi kutoka Rubavu, Rwanda, sijasikia mtu akimuuliza mama yangu aliwezaje kukaa ufukweni tangu alfajiri hadi alasiri, mtu mwenye miaka 70 na kitu, huku binti yake amepotelea kati ya vichwa vingi vilivyovaa kofia zinazofanana. Kwa hiyo humu nitaandika zaidi habari zake na za wenzake waliokaa upande ule wa kamba. Safari ile ilinionyesha kwamba kusubiri ni kazi kamili, yenye uchovu wake na hofu zake, na mwanariadha anayesafiri na familia anapaswa kuipanga kazi hiyo kwa bidii ileile anayopangia mazoezi yake.

Nieleze kwanza mashindano yenyewe. Ironman 70.3 ya Rwanda ilianza mwaka 2022, na imekuwa ikifanyika Agosti mjini Rubavu, ambao wengi bado tunauita Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Hiyo 70.3 ni jumla ya maili. Unaogelea kilomita 1.9, unaendesha baiskeli kilomita 90, halafu unakimbia kilomita 21.1, yote siku moja bila kupumzika katikati. Kwa kawaida mashindano ya aina hii hukupa saa 8 na nusu, na kuogelea pekee kuna kikomo cha saa 1 na dakika 10. Ukizidisha hapo, siku yako imeishia majini. Wale wanaoishi kwa mchezo huu humaliza kwa takriban saa 4. Mimi ni mwalimu wa hesabu Kampala, nilijifunza kuogelea nikiwa tayari na watoto wawili, kwa hiyo nilijua nitakuwa njiani zaidi ya saa 7. Na saa zangu 7 ni saa zao 7, tena wao huongeza zile za alfajiri, kwa kuwa lazima wakusindikize gizani.

Ningeweza kwenda peke yangu. Mama ndiye aliyekataa. Sisi ni watu wa Kasese. Baba alifanya kazi mgodi wa shaba wa Kilembe, ambako walikutana watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi na ya nyumbani kwetu. Mtu aliyeishi Kasese ana masikio upande wa Congo maisha yake yote. Mama aliikumbuka vizuri Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wakakimbilia Rubavu na magodoro vichwani.

"Unakwenda kuogelea chini ya mlima wa moto," aliniambia, "halafu mimi nibaki nyumbani Ntinda nikusikie kwenye simu? Hapana, mwanangu. Nitakaa nikuone kwa macho yangu."

Mume wangu akasema kama mama anakwenda, wote twende. Muhula wa 2 wa shule za Uganda huwa haujafungwa mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo tuliandika barua kwa mwalimu mkuu wa watoto, naye akakubali kwa sharti kwamba wabebe madaftari. Walibeba. Madaftari hayo yalikuja kutufaa kuliko alivyodhani.

Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na basi huzimaliza kwa siku moja. Sisi tulilala Mbarara. Gari lilikuwa limejaa: baiskeli imefunguliwa magurudumu na kufungwa kwa vitenge viwili vya mama, gurudumu moja likawa kati ya watoto kama abiria wa tatu. Kayabwe tulisimama kwenye mstari wa ikweta, watoto wakapiga picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Lukaya tulisimama tena, na hapo nina neno. Wachuuzi walikuja dirishani na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, za moto, harufu ikajaa gari zima. Mimi wiki ya mashindano sili nyama ya barabarani, nakula wali, viazi na ndizi nilizomenya mwenyewe. Lakini tumbo linalokwenda kushindana lilikuwa moja tu mle garini. Nimewahi kuona mwanariadha akiilazimisha familia nzima kula makaroni makavu siku tatu, watoto wamenuna, mke amechoka kupikia jiko la kuazima. Waache wale kuku wao. Niliwashikia hata tishu.

Kabale kuna baridi, mji uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu wa Kampala usiku wa kwanza ni wa blanketi mbili. Tulikwenda kukaa Ziwa Bunyonyi, mita 1,962, juu kuliko Kivu ambalo liko kama mita 1,460. Siwezi kusema siku chache za hapo zilinibadilisha damu, mwili huhitaji majuma kadhaa kuzoea mwinuko. Faida niliyoipata ni kwamba nilizoea kukosa pumzi bila kutishika. Ukiingia maji ya baridi sehemu ya juu, kifua hubana, na mtu asiyelijua hilo hudhani anakufa. Ukilijua, unalala chali, unahesabu pumzi, linapita.

Lakini Bunyonyi ilimfaa mama zaidi yangu. Sisi tuliokulia Uganda tumefundishwa kuogopa maziwa, na kwa sababu nzuri. Kingo za Ziwa Victoria zina konokono wanaobeba kichocho, na kule Kasese, Ziwa George na mfereji wa Kazinga vina viboko wanaoua watu. Mama hakuwahi kuniona nikiogelea nje ya bwawa. Asubuhi ya kwanza nilipovaa kofia na miwani alikaa kimya, akafungua kanga, akaifunga tena.

Mwenye mtumbwi alikuwa kijana wa pale Rutinda, mwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa. Kazi yake ilikuwa kupiga kafi pembeni yangu, nisije nikapotea njia au kugongwa na boti. Nikamwambia mama apande naye. Alisita sana. Kijana akamwambia, "Bibi, mtumbwi huu umebeba maharusi na mbuzi, wewe utakaa." Akapanda, na mjukuu wake mkubwa nyuma yake.

Pale ndipo aliponijua majini. Nilipokuwa nageuza uso kuvuta pumzi nilimwona juu yangu, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi, macho hayabanduki. Tulivyorudi ufukweni alinieleza mwendo wangu kuliko kocha yeyote: mkono wa kulia hauinuki sana, wa kushoto unapiga maji kwa sauti, na kila baada ya muda nanyanyua kichwa kama bata. Siku zilizofuata alikuwa wa kwanza kuamka. Na siku ya mashindano, waogeleaji wote walipofanana machoni pa mume wangu, mama ndiye aliyenyoosha kidole: "Yule pale. Huoni mkono wa kushoto?"

Nawashauri wote wanaosafiri na wazazi au watoto wafanye hivi. Waonyesheni mnachokwenda kufanya, mahali tulivu, kabla ya siku yenyewe, ili mambo yasiyojulikana yapungue. Nilimweleza mama kwamba majini kutakuwa na watu wa kayaki, mitumbwi midogo, wanaolinda, na kwamba kanuni zinamruhusu mwogeleaji aliyechoka kushika kayaki na kupumzika, mradi asisogezwe mbele. Hilo halikuwahi kuandikwa kwenye mabango yoyote aliyoyaona, na lilimpa usingizi. Nilimweleza pia kwamba kwenye baiskeli sisi wa kawaida haturuhusiwi kumfuata mtu kwa karibu ili kukingwa na upepo, tunaachiana mita 12. Kwa hiyo akiona watu wanapita mmojammoja asidhani wengine wameanguka.

Jioni tukakaa mezani na daftari la hesabu la binti yangu. Tulichora ramani na kuandika ratiba ya wanaosubiri. Mimi huwa simpi mtu muda mmoja kamili. Ukisema "nitatoka majini dakika ya 50," basi dakika ya 51 moyo wa mtu unaanza kwenda mbio. Niliandika mapema kabisa na mwisho kabisa. Majini, kati ya dakika 45 na saa 1 na dakika 5. Baiskeli, kati ya saa 3 na nusu na saa 4 na dakika 20. Kukimbia, kati ya saa 2 na dakika 20 na saa 3. Kabla ya ule mwisho, hakuna ruhusa ya kuogopa. Mwisho huo ukipita, baba wa watoto anakwenda kwenye hema la huduma ya kwanza, anataja namba yangu, na bibi anabaki na watoto. Tuliandika hata sentensi atakayosema.

Kuhusu simu pia tuliandika. Ile programu ya kumfuatilia mshindani haikuoni ulipo. Inasoma chipu iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu unapopita juu ya mikeka maalumu, halafu kati ya mkeka na mkeka inakisia. Kwa hiyo nukta ikisimama maana yake ni kwamba bado sijafika mkeka unaofuata. Huenda nimeshuka kubadilisha tairi. Familia nyingi hulia bure kwa sababu ya nukta.

Jambo lililotuchelewesha lilikuwa saa. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa 1. Simu zetu zingejibadilisha zenyewe mpakani, lakini saa ya mkononi ya mama ni zawadi ya marehemu baba, na alisema haitaguswa. Binti yangu akachora safu mbili, saa ya Rwanda na saa ya Bibi. Baadaye niliona mume wangu naye akisoma safu ya Bibi.

Tulipita Kisoro, mlima Muhabura mbele yetu na wingu shingoni, tukavukia Cyanika. Kabla ya mpaka tulihamisha vyakula vyote kutoka kwenye makaveera hadi vikapuni, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawafanyi mzaha. Ng'ambo magari huendeshwa kulia. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili na watoto wakapewa kazi ya kumkumbusha "kulia, Baba" kila njia panda, kazi waliyoifanya kwa uaminifu mkubwa hadi Rubavu.

Siku ya kuamkia mashindano mwanariadha si wa familia. Kuna mkutano wa maelekezo, kuna kupeleka baiskeli na mifuko yako eneo la kubadilishia mchezo, ambako wengine hawaingii. Niliwaambia mapema wanihesabu kwamba sipo, wakaenda ufukweni kula sambaza, wale dagaa wa Kivu wa kukaanga, na wakarudi wamefurahi. Ningewaambia wanisubiri mlangoni siku hiyo nayo, ningekuwa nimezimaliza nguvu zao kabla ya Jumapili.

Asubuhi yenyewe mama aliniombea dua, mkono juu ya kofia yangu, akaniachia. Sitasimulia kila kilomita. Kivu halina mamba wala viboko na maji yake ni safi, nilipiga mkono wangu kwa utulivu, na nilipotoka nje niliinua mkono wa kushoto kama tulivyokubaliana, alama ya kwamba niko salama. Nilimsikia mtoto wangu mdogo akipiga kelele, "Kofia! Kofia kwanza!" Alikuwa amejifunza kanuni kwamba helmeti lazima ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na aliishika kanuni hiyo kuliko waamuzi.

Kisha nikapotea. Baiskeli ndilo shimo refu katika siku ya wanaosubiri. Barabara za kule hupanda na kushuka bila kukuacha upumue, watoto wa vijijini wanakushangilia, wengine kwa Kiswahili cha Goma, wakati unapita haraka kwako. Kwao ufukweni saa karibu 4 hazina kitu. Kwenye ratiba nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: ONDOKENI HAPA. Kuleni, laleni, rudini. Mume wangu aliwachukua watoto wakaenda kulala nyumba ya wageni, na waliporudi walikuwa wapya. Mama hakuondoka. Alisema yeye hakuja Rwanda kulala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli mdogo, na nilipotokea na baiskeli alikuwa ametazama upande mwingine kwa sababu ya jua, akanikosa. Alikaa na hofu hadi aliponiona nikikimbia, na kwa muda huo wote hakuwa na wa kumwuliza. Simu ilikuwa kwa mume wangu. Nikikumbuka siku ile, ni hapo tu ninapohisi uzito. Mtu mzima wa umri ule hapaswi kusubiri peke yake hata kama amesema anaweza. Anahitaji mtu wa kukaa naye, mwenye simu, anayempa maji bila kuombwa.

Sehemu ya kukimbia ni nzuri kwa familia kwa kuwa unapita mahali pamoja zaidi ya mara moja. Jua lilikuwa limewaka sasa. Nilipopita mara ya kwanza mama alikuwa kwenye kamba, amenyoosha mkono, na mkononi kuna ndizi sukari mbivu, imekwisha menywa nusu.

Tulikuwa tumelizungumza hili. Kanuni zinakataza msaada kutoka nje. Chakula na maji unachukua vituo vya mashindano tu, na ndugu akikupa kitu mkononi, au akikimbia pembeni yako, unaweza kuadhibiwa au kuondolewa kabisa. Mama alilijua. Binti yangu alikuwa amemsomea mara kadhaa. Lakini alikuwa ameniona natoka kwenye lile jua, nimekunja uso, chumvi imekauka mashavuni, na mkono wake ukafanya ulichofanya maisha yote.

Nilipunguza mwendo, nikaweka mikono kifuani. "Mama, siruhusiwi. Lakini nimeiona."

"Basi nitakuwekea," alisema.

Nikaendelea kukimbia nikilia, na kilio kile hakikuwa cha uchungu. Kwenye mchezo huu tunazungumza sana juu ya gramu za wanga kwa saa, 60, 90, na mimi huzihesabu kwelikweli, nilikuwa na tende na vinywaji vyangu. Lakini sijui hesabu ya kile nilichopewa pale kwenye kamba bila kupewa. Mizunguko iliyobaki nilikuwa namtafuta kwa macho kutoka mbali, na kila mara alikuwa pale, mume wangu sasa amemshika bega, watoto wanapunga kitenge kilichofunga baiskeli.

Mwishoni kuna utepe, na watoto hawaruhusiwi kuvuka nao pamoja na mzazi. Ni vizuri kumwambia mtoto hilo nyumbani kabla ya safari, maana picha za mitandaoni za zamani zinaonyesha wazazi wamebeba watoto mabegani. Mtoto wangu mdogo alilia aliposikia, lakini alilia tukiwa Ntinda, siyo Rubavu. Tulikuwa tumechagua mahali pa kukutana, mti mmoja nje ya uzio, na huko ndiko nilikokwenda moja kwa moja. Niliila ile ndizi. Ilikuwa imeiva kupita kiasi na ya moto kwa jua.

Usiku ule mimi nilikuwa macho, miguu inawaka, nimejaa furaha. Mama ndiye aliyelala kabla hajamaliza chai, miguu imevimba kwa kukaa. Niliikanda kwa maji ya vuguvugu. Siku iliyofuata tulivuka kurudi Kisoro tukapumzika kando ya Ziwa Mutanda bila ratiba yoyote, na naona hivyo ndivyo inavyofaa: kabla ya mashindano ziwepo siku za pamoja, baada yake ziwepo nyingine ambazo mwanariadha ndiye anayewafuata wengine. Watoto walitaka kupiga kafi, nilipiga kafi. Mume wangu alitaka kulala mchana, nikamkinga na kelele.

Sasa tunazungumza habari za Agosti nyingine. Mama ametoa masharti: kiti chenye mgongo, mwavuli mkubwa, simu yake mwenyewe yenye kifurushi kinachofanya kazi Rwanda, na akae pale baiskeli zinaporudi. Mume wangu amesema safari hii atakaa naye yeye, na dada yangu aje awachukue watoto kulala mchana. Binti yangu ameshaanza karatasi mpya. Ameongeza safu ya vyoo viko wapi, kwa sababu mara iliyopita, anasema, hilo hakuna aliyelifikiria.